Wino wa Bei Chee Unamfubaza Staa

Wadau, kuna msanii mmoja wa kanda ya kaskazini, jina naliweka kapuni. Bango la shoo yake lilibandikwa Chekereni, huku kwenye mashamba ya mpunga ambako jua halina huruma. Wiki ya tatu tu, suti nyekundu imekuwa ya pinki, sura imepauka. Watu wakaanza: jamaa kafulia! Wala. Kilichofulia ni wino.

Mi nachapisha mabango hapa Moshi, so nawaambia ukweli. Kabla hujauliza bei ya katriji, uliza picha itakaa wapi. Wino wa maji wenye rangi iliyoyeyuka unang'aa kinoma, ila ni wa ndani. Juani unapauka, mvua ikiupata unachuruzika. Wa pigimenti, yaani chembechembe za rangi, unavumilia zaidi. Bango la plastiki la nje linataka wino wa solventi, unaong'ang'ania plastiki yenyewe. Na printa ya wino wa maji usiilishe solventi, utaiua.

Katriji mbadala si dhambi, mradi ziwe za modeli yako na hazijaisha muda. Ila usichanganye wino wa aina mbili: unaweza kuganda, tundu za kichwa zikaziba. Bei ya kichwa kipya itakutoa machozi.

Promota akiniambia "weka ya bei chee," namuuliza: shoo ni kesho au mwezi ujao? Kama ni mwezi ujao, alipie wino. Sura ya msanii ndo ofisi yake.