Springi Haitazami Saa

Ubishi uliotuchosha karakanani Tabora haukuwa wa Simba na Yanga. Ulikuwa huu: nani anavunja springi za mabehewa? Wakubwa walisema ni madereva, wanakimbiza treni. Madereva wakasema ni chuma kibovu. Mimi fundi wa mabehewa nilikaa katikati ya ubishi huo mpaka mvi zikanitoka.

Kwetu ni njia panda. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza likakamilika 1928. Kwa sehemu kubwa reli ya Kigoma ilifuata njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Mabehewa ya kila upande yalipita mikononi mwetu, na nyundo yangu ndogo ilitangulia kuyasikiliza kabla jicho halijaona kitu.

Springi ya behewa ni nondo nene iliyosokotwa ikiwa nyekundu kwa moto, ikazimwa kwenye mafuta, kisha ikapashwa tena ili isivunjike kirahisi. Ndani ya ile kubwa hukaa ndogo, imesokotwa kuelekea upande wa pili ili pete zisinasane. Ichukue iliyovunjika uitoe juani. Mara nyingi utaona ufa ulianzia upande wa ndani wa pete, mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote. Kuna sehemu laini yenye mistari myembamba iliyopinda, ufa ukitambaa kidogo kidogo, halafu chembechembe za kijivu zinazong'aa, pale chuma kilipokatika kwa mkupuo. Kitu chenye alama hizo hakikuvunjika jana. Kimekuwa kikivunjika siku nyingi, na kila mtu akikipita.

Uchovu huu wa chuma ulichunguzwa kwa makini na watu wa reli. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, katikati ya karne ya 19 alizungusha ekseli kwenye mashine mpaka zikakatika, akaonyesha kwamba kinachoamua ni ukubwa wa mkazo na idadi ya marudio. Chuma kikavu, kisicho na joto la ajabu, hakijali sana kama marudio hayo yamekuja kwa saa moja au kwa mwezi.

Hesabu yenyewe nilikuwa nawachorea vijana kwa chaki kwenye ubavu wa behewa. Tuseme vipande vya reli ni vya mita 12. Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, basi gurudumu litagonga viungo 33,000 hivi. Nenda kilomita 40 kwa saa au 60, viungo ni vile vile. Vivyo hivyo mpagazi wa Kinyamwezi wa misafara ile, aliyebeba frasila mbili, kilo 32 hivi, hakupunguziwa hatua kwa kutembea polepole. Kilichomvunja mgongo ni kuongezewa mzigo.

Hapo madereva walishangilia mapema. Maana kasi haiongezi idadi ya vishindo kwa safari, lakini kwenye kiungo kilicholegea huongeza ukubwa wa kila kishindo, na springi hulipia ukubwa kwa riba kali: mkazo ukizidi kwa asilimia 10 tu, uhai unaweza kushuka hadi nusu. Tena kuna mwendo fulani ambao vishindo vya viungo hulingana na mdundo wa behewa lenyewe, likaanza kuyumba kama lina hasira. Ukipita chini au juu ya mwendo huo, linatulia. Dereva mzee aliujua kwa makalio yake kabla ya mhandisi yeyote kuukokotoa.

Springi za vali kwenye injini ni jambo jingine. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, vali hufunguka mara 500. Hapo kasi inaweza kuamsha mawimbi ndani ya springi yenyewe, pete za kati zikacheza kuliko zilivyokusudiwa. Springi hiyo hufa mapema, na mzigo wake haukuongezeka hata kidogo.

Kisha kuna chumvi ya Uvinza. Behewa lililobebeshwa chumvi, likanyeshewa na kusahaulika pembeni ya stesheni, huota vidonda vya kutu kwenye pete, na kila kidonda ni mlango wa ufa. Hapo polepole ndiyo mbaya zaidi: kutu hupata muda wa kula kati ya kishindo na kishindo. Springi nyingi nilizozitoa zikiwa mbovu kabisa zilitoka kwenye mabehewa yaliyokuwa yamelala, na bado barua za onyo zilikwenda kwa madereva.

Juzi kijana wa mtaani kaniuliza, "Shikamoo mzee. Hii treni ya umeme ikija hapa na kilomita 160 kwa saa, springi zitahimili?" Nikamwambia reli zile zimechomelewa, vile viungo vya kugongagonga havipo.

"Kwa hiyo hazitavunjika?"

"Zitavunjika. Ila usianze na dereva. Kagua kwanza magurudumu. Lenye bapa hugonga kila linapozunguka, reli iwe nzuri namna gani."