Tulipookota Mawe Huko Nundu

Msafiri atokaye Uvira kwenda Baraka huwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume. Nundu yakaa kati ya hivyo viwili, na mito midogo inayoshuka huko juu huleta mawe ya kila rangi. Kando ya mto mmoja tuliketi asubuhi na watoto wanane, tukamwambia kila mmoja atafute mawe matatu yasiyofanana.

Hawakuambiwa mara ya pili. Aliye mdogo kuliko wote alirudi mbio, amefumba kiganja. “Baba, dhahabu!” Wenzake wakamzunguka, wala hakuna aliyecheka, maana katika nchi ya Fizi ni nani asiye na kaka au mjomba aliyekwenda kwenye mashimo ya Misisi?

Tukampa msumari akune. Vikabanduka vigamba vyembamba, vikapeperushwa na upepo. Ulikuwa ulanga. Dhahabu haibanduki hivyo. Ukiigonga hubondeka kama risasi. Tena ni nzito mara 19 kuliko maji, ndiyo sababu hubaki chini ya karai mchanga unapochukuliwa. Mtoto alihuzunika. Sisi, kwa kweli, tulifurahi: heri ajue hayo akiwa mtoni kuliko kuyajua shimoni. Huko Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mashimo yaliporomoka baada ya mvua, wakafa watu wengi.

Jiwe lenye ulanga lilikuwa na mistari iliyokunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Zamani za kale lilikuwa tope. Likafukiwa chini sana, likabanwa, likapata joto kuu, likageuka pasipo kuyeyuka. Hayo ndiyo mawe yaliyogeuka, na milima ya Itombwe ina mengi ya jamaa hiyo.

Jamaa nyingine ni mawe yaliyozaliwa na moto. Itale hupoa polepole chini ya ardhi, hata chembe zake zaonekana kwa macho. Lakini lile lililomwagika kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, likaingia mjini Goma, lilipoa upesi, nalo ni jeusi lenye vitundu. Watu wa Goma hujengea kuta. Jamaa ya tatu ni mawe ya mashapo, yaani mchanga na tope lililoshikamana tabaka juu ya tabaka. Hayo twayapita upesi, ila mzazi aweza kumwonyesha mwanawe kinoo cha kunolea kisu. Chokaa nayo ni ya huko. Kabimba, upande wa Kalemie, imefanyiwa saruji. Itone maji ya ndimu, itatoa povu.

Mama mmoja aliyekuwa akifua alisikiliza, kisha akauliza, “Mbona figa la mtoni hupasuka jikoni?” Tukamjibu kwamba maji hujificha katika nyufa zake, nayo yakipata moto huwa mvuke na kutafuta njia. Akacheka. “Mama mkwe alinikataza mawe hayo, wala hakuniambia sababu.”

Tulipokuwa tukiondoka watoto walitaka kujua ni nani aliyeweka jiwe moja kubwa kama ng’ombe, mbali kabisa na maji. Ni mto wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika kule Uvira, ukabomoa nyumba na kuua watu. Mto wenye mteremko mkali hubeba mawe ambayo wanaume kumi hawayainui, na mahali ulipoyaacha ndipo ulipofika. Mvulana mmoja akageuka kulitazama jiwe lile, kisha nyumba zilizokuwa chini yake, akaanza kuzihesabu kwa kidole.

Yule mdogo hakutupa ulanga wake. Aliufunga katika jani la mgomba, akasema atamwekea kaka yake, hata atakaporudi kutoka Misisi.