Nyumba ya Siku Nane Mjini Granada



Wasomaji wetu watukufu, tumeulizwa mara nyingi, barazani na kwa simu, juu ya safari tuliyoifanya Novemba iliyopita kwenda Granada, kusini mwa Hispania. Wengi wa wanaouliza ni akina mama, na maswali yao si ya majumba wala ya tarehe. Wao huuliza: mlilala wapi, mlikula nini, na nani aliyepika? Kwa kuwa swali hilo la tatu nusura lituvunjie safari kabla hatujaianza, tumeona ni haki yao tulijibu kwa kalamu.

Kwanza, kwa nini Granada? Sisi tuliolelewa chuoni tumeisoma nahau katika Alfiyya ya Ibn Malik, na bwana huyo alizaliwa Jaén, mji usio mbali na Granada. Tena Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 akawaona wazee wetu wakiosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia msikitini, ndiye huyo huyo aliyefika Granada yapata mwaka 1350. Huko ndiko alikokutana na Ibn Juzayy, aliyekuja baadaye kuyaandika masimulizi ya safari zake. Basi njia kati ya pwani yetu na mji ule si ngeni, imekwisha kukanyagwa. Granada ulikuwa makao ya dola ya mwisho ya Waislamu katika Andalusia. Banu Nasr waliutawala tangu mwaka 1238 hata tarehe 2 Januari 1492, siku Sultani Abu Abdillah alipoukabidhi kwa wafalme wa Kikristo.

Tulikuwa watu wanne: sisi, mwenzetu wa nyumbani, binti yetu mdogo, na mama yetu mzazi ambaye umri wake umepita miaka sabini na magoti yake hayamtii tena. Tulipopiga hesabu ya hoteli, vyumba viwili kwa siku nane pamoja na kula mikahawani mara tatu kwa siku, tuliona mfuko hautoshi. Tukasema, tukodi nyumba yenye jiko. Chakula chetu kitakuwa halali bila shaka, mama atapata uji wake, na fedha zitabaki. Tulijiona tumefanya busara kubwa.

Mwenzetu alisikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema kwa upole: "Maalim, kumbe mimi natolewa jiko la Mombasa kupelekwa jiko la Granada. Nyinyi mnakwenda kutembea, mimi nahamishwa kazi."

Wallahi tulinyamaza. Kwa zaidi ya miaka thelathini tumesomesha ile hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukiingia wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Tumeisomesha, tumeifasiri, tumewaliza watu kwayo, na hatujapata kuosha sufuria. Usiku ule hatukuzungumza tena habari ya safari. Asubuhi tulikaa sote wanne, mama akiwa mkubwa wa kikao, tukafanya shura. Tulipatana hivi: kifungua kinywa ni juu yetu sisi, chakula cha mchana kitanunuliwa nje, cha usiku watapika wawili, kila siku kwa zamu, na asiyepika ataosha. Siku mbili jiko lisiwashwe kabisa. Binti yetu aliandika mapatano hayo kwenye karatasi, na karatasi hiyo tulisafiri nayo.

Baada ya hapo ndipo mipango ilipoanza, nayo tunaieleza kwa utaratibu ili iwafae wengine.

La kwanza ni viza. Anayekwenda Hispania huomba viza ya Schengen, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku kumi na tano kabla yake. Msingoje hizo siku kumi na tano. Hutakiwa kuonyesha mahali mtakapolala kwa kila usiku, tiketi mliyowekeza, uwezo wa fedha, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 kwa matibabu. Kwa hiyo tafuteni nyumba ambayo mwenyewe anakubali kurudisha fedha viza ikikataliwa. Sharti hilo lisomeni kabla ya kulipa, si baada yake.

La pili ni nyumba yenyewe. Moyo wetu ulikuwa Albaicín, mtaa wa kale ulio juu ya kilima, wenye nyumba nyeupe na vichochoro vyembamba vinavyomkumbusha mtu Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu. Juu kabisa, karibu na uwanja wa San Nicolás, upo Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa mwaka 2003, zaidi ya miaka 500 baada ya mji kutoka mikononi mwa Waislamu. Bustani yake inaitazama Alhambra ng'ambo ya bonde. Tuliiona nyumba moja karibu na hapo, picha zake nzuri mno, nasi tukataka kuikodi usiku ule ule. Mwenzetu akauliza swali moja tu: "Mama atapandaje?" Tukamwandikia mwenye nyumba, naye akajibu kwa ukweli: ngazi za mawe kutoka barabarani, kisha ghorofa tatu bila lifti. Gari halifiki mlangoni. Tuliiacha kwa huzuni. Tukachukua nyumba ya chini mjini, ghorofa ya kwanza, yenye lifti, hatua chache kutoka kituo cha mabasi madogo yanayopanda Albaicín. Haikuwa na mandhari yoyote ila ukuta wa jirani. Lakini mama aliingia na kutoka kwa miguu yake mwenyewe, na hilo halipigwi picha.

Basi kabla ya kukodi ulizeni haya. Ngazi ni ngapi, tangu barabarani na si tangu mlangoni tu? Kuna lifti? Nyumba inapashwa joto vipi? Novemba baridi ya Granada hukaza usiku, kwani mji uko chini ya milima ya Sierra Nevada, na nyumba za mawe hushika baridi. Angalieni pia kuwa tangazo lina nambari ya usajili, maana nyumba za kukodisha wageni katika jimbo la Andalusia hutakiwa kusajiliwa. Mkifika mtaombwa pasipoti ziandikishwe. Hiyo ni sheria yao, msishtuke.

La tatu ni jiko, na hapa tulikosea wenyewe. Sisi Mashafii wa pwani tunaujua uzito wa mlango wa najisi ya nguruwe katika vyombo. Ingawa asili ya chombo ni tohara mpaka ithibitike vinginevyo, mwenzetu alisema moyo wake utatulia zaidi na sufuria yake. Tukabeba sufuria mbili za alumini na mwiko. Usiku wa kwanza tukaziweka juu ya jiko: kioo cheusi, kisicho na moto wala waya mwekundu. Tulibonyeza, tukangoja, maji yakabaki baridi kama ya mtungi. Jiko lile ni la sumaku. Halipashi chombo ambacho sumaku haikishiki, na alumini haishikwi. Tulikula tende na biskuti tulizobeba. Kesho yake tukanunua sufuria mpya ya chuma, nayo sasa iko Mombasa. Ulizeni aina ya jiko kabla ya kufunga mizigo. Bebeni pia kopo la msalani, na adapta ya umeme, kwa kuwa plagi zao ni za vijiti viwili vya duara.

La nne ni soko. Nyama, maziwa na vitu vitokanavyo navyo haviruhusiwi kuingizwa na wasafiri katika Umoja wa Ulaya kutoka kwetu, hivyo samli iacheni nyumbani. Tulibeba bizari ya kusaga, iliki na majani ya chai, vyote vikavu na vimefungwa. Nyama halali ilipatikana mitaa ya chini ya Albaicín, upande wa Calle Elvira, wenye maduka ya ndugu zetu wenye asili ya Morocco. Maduka mengi madogo hufungwa saa nane mchana na kufunguliwa tena jioni, na Jumapili hata makubwa mengi hayafunguliwi. Kwa hiyo msifike Jumamosi usiku mkiwa mikono mitupu. Jifunzeni maneno mawili ya kusoma kwenye pakiti: cerdo ni nguruwe, na manteca mara nyingi ni mafuta yake, nayo hutiwa hata katika biskuti za sikukuu mtu asivyodhania.

Lakini yako maneno mengine hamtahitaji kufundishwa. Mama yetu, asiyejua neno la Kihispania, alisimama sokoni akamsikia muuzaji akisema azúcar, akasema, "Sukari." Akasikia aceituna, akasema, "Zeituni." Azafrán, zafarani. Limón, limau. Muuzaji akacheka, mama akacheka. Kiarabu kimepita kwao, kimepita na kwetu, na kila mmoja amebakiwa na chake. Siku hiyo tulinunua makomamanga, matunda ya msimu ule. Na jina la mji wenyewe, Granada, kwa lugha yao ndilo komamanga.

La tano ni Alhambra. Tiketi zake huisha mapema, basi nunueni mara tu mpatapo viza, kwa majina kama yalivyo katika pasipoti, na siku hiyo zibebeni pasipoti. Tiketi ina saa maalumu ya kuingia Majumba ya Banu Nasr, na aliyekosa saa yake amekosa. Tulichagua saa za mchana ili mama asiharakishwe.

La sita ni ibada. Kwa madhehebu yetu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena hapo. Basi njiani tulikusuru na kukusanya, na Granada tukasali kamili. Kibla nacho huwachanganya watu wetu. Mombasa tunaelekea kaskazini; Granada huelekea mashariki, na kupinda kidogo kusini. Tulipofika tu, binti yetu alibandika karatasi ukutani kutuonyesha.

Sasa tuwaeleze jambo moja, kisha tumalize.

Mama yetu hakupelekwa skuli. Alisoma chuo tu, Qur'ani na ukafini wake, kisha akaolewa. Maisha yake yote, kila karatasi ya serikali ilipoletwa, ameambiwa kuwa hajui kusoma, naye akatia dole gumba bila kubisha. Tulipoingia katika ua wa Majumba ya Banu Nasr, watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na kifaa sikioni kinachomweleza anachokiona. Mama alikuwa ameshika mkono wa mwenzetu. Akasimama mbele ya ukuta, akainua kidole bila kugusa, akakipeleka kutoka kulia kwenda kushoto, polepole kama mtoto wa chuo: "Wa laa... ghaaliba... illa Llah." Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akasogea, akalikuta tena. Akalikuta juu ya mlango, akalikuta pembezoni mwa dirisha, kwani neno hilo lilikuwa wito wa Banu Nasr na wamelirudia mahali pasipohesabika. Mtalii mmoja akavua kifaa chake sikioni akamtazama. Mama akatugeukia akasema, "Mwanangu, mbona nasoma?"

Hatukuweza kumjibu. Mwenzetu ndiye aliyejibu: "Siku zote unasoma, Mama. Ni sisi tuliokuwa hatukupi kitabu chako."

Wale wafalme waliandika hapana mshindi ila Allah, kisha wakashindwa, na ukuta ukabaki ukisema kweli juu yao. Hilo ni zingatio kwa kila mwenye mamlaka, awe wa nchi au wa nyumba.

Jioni ile zamu ya jiko ilikuwa yetu na binti. Tulipika wali, ukaungua chini. Mama aliula akasema ukoko ndio mtamu. Mwenzetu alikaa kitini, miguu juu ya mto, akimenya komamanga, wala hakuinuka.

Enyi akina baba wenzetu, mkipanga safari ya nyumba yenye jiko, bei ya usiku mmoja iwe swali la pili. La kwanza liwe hili: nani atasimama jikoni, na je, ameulizwa? Na nyinyi akina mama, msilinyamazie kama mwenzetu asivyolinyamazia. Neno lake moja lilitupunguzia dhambi ya dhulma tuliyokuwa tukiifanya kwa jina la kubana matumizi.

Ile karatasi ya zamu tulirudi nayo. Imebandikwa jikoni Mombasa hadi leo, na zamu yetu ni Jumanne na Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.