Kipawa na Jasho: Tafakuri Kutoka Chepsaita

Wahenga, ambao aghalabu hunukuliwa kana kwamba walikuwa na kauli moja, hawakuafikiana hata kidogo mintarafu ya chanzo cha ustadi. Kuna waliosema kuwa mwana wa nyoka ni nyoka, na kuna waliosema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kwamba methali hukinzana kwa sababu maisha yenyewe hukinzana. Jibu hilo hutosheleza mtihani, lakini halimtoshelezi mtu aliyesimama kando ya uwanja wa Chepsaita.

Chepsaita ni kijiji cha eneo la Turbo, katika Kaunti ya Uasin Gishu, nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Katika miaka ya karibuni jina lake limefika mbali kwa sababu ya mbio za nyika zinazowakutanisha mabingwa na vijana wasiojulikana. Kundi la mbele linapopita, huwa hapakosi mtazamaji wa kutamka kwamba hawa wamezaliwa hivyo. Huitamka kauli hiyo kwa nia njema kabisa, kama sifa.

Waama, sifa hiyo inastahili kuchunguzwa, na lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Neno "kipawa" limetokana na kitenzi cha kupa, na ndani yake imo w ya kutendwa. Mwenye kipawa amepewa, hakutenda, alitendewa. Kwa hiyo anayemwambia mkimbiaji kuwa ana kipawa humsifu na papo hapo humnyang'anya asubuhi zake zote. Alfajiri za baridi na miguu iliyovimba hazina nafasi katika neno hilo.

Wanasayansi nao wamelishughulikia suala hili. Katika miaka ya 1990 Bengt Saltin, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Sweden, pamoja na wenzake, waliwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia hakikutofautiana sana; Wakenya walizidi kwa kutumia nguvu chache zaidi kwa mwendo uleule. Uchunguzi uliofuata ulitaja wembamba wa miguu chini ya goti. Ongeza mwinuko, maana Eldoret iko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Haya yote ni kweli, na ni upuuzi kuyakana.

Ila kuna hesabu moja ambayo watetezi wa damu hawaipendi. Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki alikuwa Naftali Temu, katika mita 10,000, mjini Mexico mwaka 1968. Siku chache baadaye Kipchoge Keino, mwana wa Nandi, akashinda mita 1,500. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu hiyo ni Pamela Jelimo, naye pia ni wa Nandi, katika mita 800 mjini Beijing mwaka 2008. Miaka 40 kamili! Je, damu ya Nandi ilichagua kupita kwa wana wa kiume tu? Mabinti hao walizaliwa na mama haohao, wakavuta hewa ileile na kupanda vilima vilevile, tena wengi wao wakiwa na mtungi wa maji au mzigo wa kuni mgongoni.

Ni haki kukumbuka kwamba mwaka 1968 Olimpiki haikuwa na mbio za wanawake zilizozidi mita 800. Mita 1,500 zilikuja mwaka 1972, marathoni mwaka 1984, mita 10,000 mwaka 1988 na mita 5,000 mwaka 1996. Kenya ilipeleka wanawake watatu Mexico, akiwemo Tecla Chemabwai, lakini nyuma yao njia ilikuwa nyembamba mno. Pauline Konga alileta medali ya kwanza ya wanawake, fedha ya mita 5,000, mwaka 1996, na mwaka uliofuata Sally Barsosio akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000. Kilichobadilika hakikuwa damu. Palikuwa na shule, makocha, mashindano, na mzazi mmojammoja aliyekubali binti yake atoke alfajiri bila ya kuulizwa ni nani atakayekamua ng'ombe.

Hata hivyo, mtetezi wa jasho asishangilie mapema. Jelimo huyohuyo alianza kushindana kwa dhati katika mita 800 mwaka uleule wa 2008, akiwa na umri wa miaka 18, na kabla mwaka haujaisha alikuwa bingwa wa Olimpiki. Ni bidii gani ya miezi michache inayoweza kueleza jambo hilo? Kwa upande wa pili yuko Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, ambaye alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya mwaka 2012. Wengi wangesema kipawa kimekauka. Mwaka 2013 alihamia marathoni, na miaka mitano baadaye rekodi ya dunia ilikuwa yake.

Wanaoumizwa zaidi na mjadala huu ni wale wasioandikwa. Karibu na Eldoret, Iten na Kaptagat wako vijana wengi waliopanga vyumba vidogo, wanaokimbia kila siku kwa miaka na hawapati hata tiketi ya ndege. Akiambiwa kwamba ushindi ni kipawa, kijana huyo hana la kujitetea. Akiambiwa kwamba ni juhudi tu, basi kushindwa kwake kunageuka uvivu, ilhali kila jirani anajua saa anayoamka. Wahenga walikuwa na huruma kuliko wahamasishaji wa siku hizi waliposema kuwa juhudi si pato. Kauli kwamba juhudi huleta kila kitu imewasogeza baadhi yao karibu na sindano na vidonge vilivyokatazwa.

Kuhusu mbio za nyika zenyewe, ni mwaka 2017 tu, mjini Kampala, ambapo wanawake walianza kukimbia kilomita 10 sawa na wanaume katika mashindano ya dunia. Miaka saba baadaye, mjini Paris, Kenya ilipata dhahabu nne. Emmanuel Wanyonyi alileta moja, ya mita 800. Beatrice Chebet alileta mbili, za mita 5,000 na 10,000, na Faith Kipyegon ya mita 1,500, ikiwa ni yake ya tatu mfululizo katika Olimpiki.