Jicho na Mshipa Wake

Katika mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto mmoja alikuwa akimsaidia baba yake kupaka nyumba chokaa. Mtoto alikoroga kwa kijiti, baba akachovya ufagio. Mara chokaa ikaruka, ikamwingia mtoto katika jicho la kuume. Akapiga kelele: "Baba, naungua!"

Watu wakaja mbio. Bibi yake alikuja na majani mkononi, tayari kuyakamulia ndani ya jicho, kwa maana ndivyo alivyotendewa yeye alipokuwa mtoto. Jirani akasema, "Mpelekeni hospitali upesi!" Lakini dada yake mkubwa, aliyejifunza shuleni habari za macho, alikuwa amekwisha kushika mtungi wa maji.

"Nisamehe, bibi," akasema, "kwanza maji. Tukingoja, chokaa italila jicho."

Bibi akanyamaza. Si rahisi kwa mzee kurekebishwa na mjukuu mbele ya watu. Jicho lake mwenyewe la kushoto lilikuwa na kovu jeupe tangu utoto, na halikuona. Akayatazama majani, akamtazama mtoto. Kisha akayaweka majani chini, akamshika mtoto kichwa. "Haya, mwaga," akasema.

Wakamlaza mtoto kichwa upande, jicho lililoumia likiwa chini, ili maji machafu yasiingie katika jicho zima. Dada akanawa mikono, akafungua kope, akamimina maji safi polepole kutoka upande wa pua kwenda nje. Akageuza kope la juu, akaona punje ya chokaa, akaiondoa kwa pembe ya kitambaa safi kilicholowa maji. Mtungi ukaisha, ukaletwa mwingine. Waliosha nusu saa nzima. Ndipo baba akampeleka mtoto hospitali. Jicho lilikaa jekundu siku nyingi, lakini likapona.

Kwa nini maji kwanza, na hospitali baadaye? Kwa sababu chokaa haiachi kula. Kila dakika inazidi kuingia ndani. Vivyo hivyo maji ya betri, na magadi makali ya kutengenezea sabuni. Hata mate ya swila, yule nyoka atemaye sumu machoni, huondolewa kwa maji mengi mara moja. Anayekimbilia hospitali bila kuosha huibeba sumu njia nzima. Lakini hata ukiisha kuosha, nenda hospitali, maana mganga peke yake ndiye awezaye kujua jeraha limefika wapi.

Lakini si kila jeraha huoshwa. Mvuvi akichomwa na ndoana, au mpasua kuni akirukiwa na kibanzi kikaingia ndani ya jicho, usioshe, usisugue, wala usivute kilichochoma. Jicho ni kama yai: likitobolewa na kukandamizwa, yaliyo ndani hutoka. Funika jicho kwa kitu chenye shimo kama kikombe, kisiguse jicho lenyewe. Hata karatasi ngumu iliyokunjwa kama pia yafaa. Kisha mpeleke mgonjwa hospitali siku ile ile.

Ziwa hili linajua habari ya wagonjwa wa macho tangu zamani. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika kutoka pwani ya mashariki. Siku ya 13 Februari Burton akaliona ziwa likimetameta mbele yao. Speke hakuona ila ukungu, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshikwa na ugonjwa. Alikuwa ametembea miezi mingi kulitafuta ziwa, na sasa lilikuwa mbele yake, naye hakuweza kulitazama. Mwaka ule ule walipita kwa mitumbwi mpaka Ubwari, na ghuba iliyo mbele ya Baraka huitwa hata leo kwa jina la Burton.

Macho ya Speke yalipata nafuu. Lakini alipokuwa katika kisiwa kimoja cha ziwa hili, mdudu mweusi alimwingia sikioni usiku. Naye kwa uchungu akachukua kisu kidogo, akachokoa. Mdudu akafa, lakini sikio likatunga usaha, na Speke akawa kiziwi kwa sikio lile kwa muda mrefu. Alijifunza mwenyewe ya kuwa kuchokoa huzidisha jeraha. Ikiwa ni hivyo kwa sikio, itakuwaje kwa jicho?

Sasa ujue ya kuwa jicho peke yake halioni. Nyuma yake una mshipa wa fahamu, wenye nyuzi nyembamba zipatazo milioni moja, upelekao habari katika ubongo. Jicho laweza kuwa safi na zuri, lakini mshipa ule ukifa, giza linaingia. Nao ukiisha kufa hauoti tena.

Wataka kuujua mshipa wako? Chora msalaba mdogo katika karatasi. Upande wa kuume wake, mbali kwa upana wa vidole vinne, chora duara ndogo nyeusi. Funika jicho la kushoto, utazame msalaba kwa jicho la kuume. Sogeza karatasi polepole, mbali kisha karibu. Mahali fulani duara itatoweka! Hapo sura yake imeangukia pale mshipa unapotoka katika jicho, na mahali pale hapaoni kitu. Mfaransa Mariotte ndiye aliyewaonyesha watu jambo hili mwaka 1668.

Mshipa huu una adui wengi. Pigo kali juu ya nyusi laweza kuuumiza, hata kama jicho halina jeraha. Kuna ugonjwa wa presha ya jicho, ambao mara nyingi huuharibu polepole bila maumivu. Kuna pombe kali ya kupikwa kwa siri, ambayo ikiwa na methanoli huweza kumpofusha mnywaji kwa siku moja au mbili. Tena kuna sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa vizuri. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliowapata watu wa Kwango, magharibi ya Kongo. Baadaye waganga waliona ya kuwa baadhi ya wagonjwa wa konzo wameharibika pia mshipa wa jicho. Kwa hiyo mama anayeloweka mihogo yake siku tatu kamili na kuianika vema analinda miguu ya watoto, na macho yao pia.

Utautambuaje mshipa unaougua? Mtu huona giza upande mmoja. Rangi nyekundu hupauka kwa jicho moja. Jicho huuma likigeuzwa. Mboni haifinyiki vema ikimulikwa kwa taa. Mtu wa namna hii asingoje kesho. Aende hospitali, Baraka au Fizi, na huko ataelekezwa kwa mganga wa macho.

Na yule bibi? Tangu siku ile ana desturi yake. Jioni huwaita wajukuu mmoja mmoja, akashika nyanya mbivu. "Funika jicho hili. Nyanya ina rangi gani? Sasa funika la pili. Je, ni ile ile?" Watoto hucheka, wakidhani ni mchezo. Bibi hacheki. Yeye anajua bei ya jicho moja.