Nyota za Chelewa



Katika kipindi cha Majilio, nikiwa likizo Mji Mkongwe, nilikabidhiwa watoto wa Utoto Mtakatifu, wale wadogo wa miaka minne hadi saba, tutengeneze mapambo ya pango la Noeli. Madukani nyota za plastiki zipo, tena zinang'aa kuliko zetu. Lakini mtoto akinunuliwa nyota ataitazama siku moja tu, akiifunga mwenyewe ataiulizia mpaka Epifania.

Tulianza na ufagio wa chelewa. Unaufungua, unakata vijiti vitatu vya urefu wa shubiri, unavipishanisha katikati na kuvikaza kwa uzi. Hapo tayari una ncha sita. Kisha unachukua ukindu uliotiwa rangi, unauzungusha mara moja kwenye kijiti, unakwenda kijiti cha pili, cha tatu, mpaka katikati pajae. Mwisho unaacha kitanzi cha kutundikia. Wa miaka minne hawezi kufunga fundo, ila anaweza kubana vijiti kwa vidole wakati wa miaka saba anafunga. Askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha shirika hili Ufaransa mwaka 1843, alitaka hasa hilo: watoto wawasaidie watoto.

Tulikaa barazani kwa familia moja ya jumuiya yetu. Ng'ambo ya uchochoro anakaa bibi mmoja Mwislamu, msukaji wa mikeka. Kabla hatujaanza kuzungusha aliita, "Mwanangu, umeurowesha huo ukindu? Mkavu utakukatikia." Akaleta beseni lake la maji. Nyuma ya beseni akaja mjukuu wake wa miaka sita, akakaa na wenzake kama anavyokaa nao kila siku, akachukua vijiti vitatu.

Mama mwenye nyumba akanivuta pembeni. "Frateri, huyu akitengeneza nyota ya Noeli, kwao hawatasema tunambatiza?"

Swali hilo lina historia. Wakristo wa Unguja ni wachache sana, na wengi wanakumbuka Noeli ya mwaka 2012, Padre Ambrose Mkenda alipopigwa risasi akajeruhiwa, na tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alipouawa kwa risasi huko Mtoni akienda kuadhimisha Misa ya Dominika. Mama yule hakuwa mwoga. Alikuwa anachunga ujirani uliomlea.

Darasani tunasoma sababu nne za Aristotle: kitu kimetokana na nini, kina umbo gani, nani amekifanya, na kwa lengo gani. Tatu za mwanzo zilikuwa wazi pale barazani. Ya nne ndiyo ilinisumbua. Kwa watoto wetu nyota ile ilikuwa ya Bethlehemu. Kwa mjukuu wa bibi ilikuwa mchezo wa alasiri, ndugu wa kititia cha jani la mnazi. Chelewa zile zile, fundo lile lile. Je, ni kitu kimoja au viwili? Sikuona haki ya kumjibia mtu wa nyumba nyingine, nikavuka uchochoro, nikatoa shikamoo na kumuuliza bibi waziwazi.

"Marahaba. Kwetu haitundikwi," alisema, bila kuacha ukili wake. "Lakini kuwafanyia wenzake, afanye. Jirani akiwa na shughuli husaidiwi kwa mdomo."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko kama angesema dini zote ni sawa. Aliweka mpaka, na beseni akaliacha kwetu.

Tulipata nyota 19. Mjukuu alifanya mbili, zote za ukindu wa zambarau, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hiyo ndiyo rangi ya Majilio. Tulizitundika juu ya pango katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili kama mji unavyoliita, lililojengwa na wamisionari wa Roho Mtakatifu miaka ya 1890. Upepo wa bahari ukipita mlangoni zinazunguka taratibu, ncha zikigusana.

Siku mbili baada ya Noeli alipita na bibi yake wakienda Forodhani. Walisimama nje. Alichungulia kidogo, akaninong'oneza, "Frateri, zangu zipi?" Nikamwonyesha moja, ya pili akaiona mwenyewe. Bibi akamwambia twende, jua linapanda.