Mto wa Mkono na Mguu wa Mama

Maradhi humfunza binadamu kwamba viungo vina uzito. Mwenye afya huubeba mkono wake mchana kutwa asihisi kuwa amebeba kitu. Mama yetu alipopatwa na kiharusi na upande wake wa kushoto ukapooza, ndipo sisi wanawe tulipojua kuwa mkono ulioachwa ukining'inia hulivuta bega, huvimbisha vidole na humnyima mgonjwa usingizi. Tunaandika haya tukijua kuwa katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya pwani yumo mzee aliyelala kitandani, na watu wake wanatafuta namna ya kumfaa.

Tulianza kwa mito ya sufi iliyokuwamo nyumbani. Mto wa sufi ni mwororo, lakini hubonyea na kuhama. Ilipofika alfajiri mkono ulikuwa umekwisha kuteleza ubavuni, na kisigino kimelalia godoro. Mahali penye mfupa na nyama chache, kama vile kisigino, kiwiko na nyonga, uzito wa mwili huibana mishipa midogo ya damu. Aliye mzima huumia akajigeuza. Aliyepooza huenda asihisi, na hata akihisi hawezi kujigeuza. Hapo ndipo kidonda huanza. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tulifunzwa kupapasa: palipo na joto kuliko pengine, palipokakamaa au palipozidi weusi, pana hatari.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alitupa kanuni tatu. Kisigino kielee, kisiguse kitu. Goti lisiwekewe kijito kidogo nyuma yake siku nzima, maana litazoea kukunjika lishindwe kunyooka. Na kisigino kisikalishwe juu ya duara lenye tundu, kwa kuwa duara hilo hubana nyama za pembeni na kuzuia damu.

Kwa kanuni hizo tukaenda kwa fundi wa makochi. Yeye ndiye aliyetufafanulia kuwa uzito wa sponji na ugumu wake ni mambo mawili. Uzito hupimwa kwa kilo katika mita moja ya mchemraba, nao huonyesha sponji itadumu kiasi gani. Ugumu huonyesha itabonyea kiasi gani. Sponji nyepesi hupendeza dukani, kisha baada ya muda mfupi ikalala kama mkate wa jana. Tukachagua tabaka mbili: ya chini ngumu, ya juu laini. Gundi tuliiacha ikauke mpaka harufu ikaisha kabisa.

Mto wa mguu una upana wa sentimita 30 na kimo cha 12. Huanzia chini kidogo ya goti na kuishia juu ya kifundo, ili uzito uenee katika shavu lote la mguu na kisigino kibaki hewani. Upande wa goti fundi aliukata mteremko, goti likunjike kidogo tu. Mto wa mkono huwekwa mapajani mama anapoketi. Una mfereji wa kina kifupi wa kuulaza mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, nao umeinuka kidogo upande wa kiganja ili uvimbe upungue. Kila mto tuliujaribu kwa kupitisha kiganja chini yake: tukiuhisi mfupa, sponji hiyo haitoshi.

Joto la kwetu lilitaka shauri lake. Plastiki peke yake humtoa mgonjwa jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Basi sponji ilivikwa kwanza kitambaa kisichopenya maji, kisha foronya ya pamba iliyoshonwa kwa leso kuukuu. Foronya ziko tatu kwa kila mto, ili moja ikipatwa na najisi ivuliwe mara moja, na mama asikose twahara ya nguo na malazi wakati wa Swala.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili tumeona kuulizwa ni bora. Mto wa mkono ulikuwa na kingo pande zote mbili. Mama aliutazama kitambo, akasema, "Wanangu, mwanilaza au mwanifunga?" Ukingo wa ndani ulimzuia kuufikia mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Fundi akauondoa. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe huushika mkono ule, huukanda, na hurejesha kidole kilichojikunja. Vidole havivimbi kama zamani, na kisigino kimesalimika, alhamdulillahi.

Hata hivyo mto haushiki nafasi ya mtu. Mama hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku kwa zamu, na hatumwinui kwa kuuvuta mkono uliopooza. Wenye mgonjwa wamwone kwanza mtaalamu kabla ya kukata sponji, kwa kuwa miili haifanani. Na sponji ikibonyezwa isirudi, wakati wake umekwisha, inunuliwe nyingine. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na wanaowauguza awape subira.